Viatu vya Vitalis

Tulichanga buku mbili mbili kulipia king'amuzi cha Mhongole.
Wengine walitoa mayai. Mmoja alileta debe la ulanzi,
ambalo si fedha, lakini hakuna aliyelikataa.
Ukungu wa Kilolo ulikuwa umeshafika mlangoni,
umesimama kama mgeni anayeona haya kupiga hodi.

Longino wetu alikuwa Dar es Salaam usiku ule,
ametajwa kwenye tuzo, kipengele cha muziki wa asili,
yeye na ligombo alilorithi kwa babu yake,
limezibwa nta pale lilipopasuka.
Koti aliazima kwa katekista.
Viatu aliazima kwangu.

Namba nane. Vyeusi. Vya marehemu Vitalis,
aliyevivaa mara nne tu:
harusi yetu, Pasaka mbili,
na siku aliyokwenda benki kunyimwa mkopo.
Siku ya kumzika nilivificha.
Nilisema udongo hauhitaji kiwi.

Kwa hiyo wenzangu walitazama nyuso,
mimi nikatazama miguu.
Likapita zulia jekundu, vikapita visigino vya dhahabu,
raba nyeupe za vijana wasioijua barabara yetu mwezi wa tatu.
Mtangazaji akimuuliza kila mmoja, "Nani kakuvisha leo?"
Mama Atilio akaguna: "Kwani hawajui kuvaa wenyewe?"
Nami nikajibu kimoyomoyo:
Vitalis, wa Idete. Na katekista.

Likaja tangazo la sabuni.
Likaja la mikopo ya simu. Likaja la sabuni tena.
Tuliporudi ukumbini
maandishi yalikuwa yanakimbia chini ya kioo,
na mtoto wa Mhongole, wa darasa la tano,
ndiye pekee aliyeyawahi:
"Wameshatoa! Ya asili wameitoa wakati wa sabuni!"
"Kashinda nani?"
"Yamekimbia."

Ulanzi ukazunguka bila neno.
Mtu akailaani sabuni, akataja na jina lake.

Halafu kamera ikazurura kati ya watu,
na kwa muda wa kupepesa jicho
likaonekana bega moja la koti la katekista,
na mikono miwili ikimpigia mtu mwingine makofi.
Tulipiga kelele hadi kuku wakashuka darini.
Uso hatukuuona.
Miguu nayo hawakuionyesha.

Akarudi Jumanne, viatu vimefungwa kwenye gazeti.
"Walinipa dakika mbili nipige," alisema. "Nilipanda peku.
Ligombo halitaki kiatu, mguu lazima usikie ubao."
"Na hivi?"
"Niliviacha kitini kwangu.
Nikavigeuza vitazame jukwaa."

Sikumuuliza la kushinda.
Mfuko wa koti ulikuwa umevimba upande mmoja:
labda tuzo,
labda vitunguu vya pale Ilula, basi linaposimama.
Akanywa chai yake, akasifu moto, akaenda
kumrudishia katekista koti lake.

Nilipovifungua, ndani ya kile cha kulia
kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi ya dhahabu,
zile wanazowamwagia washindi,
au zinazomwangukia yeyote aliyekaa karibu.

Nikavirudisha chini ya kitanda, upande wake.
Sikukikung'uta.