Matundu Manne

Siku ile king'ora cha karakana hakikulia.
Tabora nzima ikachelewa kuamka,
maana sisi saa hatukuwa nayo,
tuliazima ya reli.
Uji ukaungua Isevya. Watoto wa Cheyo
wakafika shule jua limepanda,
na mwalimu naye hajafika.

Mama alikuwa keshajua. Tangu usiku
alikuwa akifunga kanga, akiifungua, akiifunga tena.
Baba: kaa, una mimba ya miezi saba.
Akasema: basi tutakuwa wawili.

Sijui walitoka wangapi.
Polisi waliandika mia nne.
Kapela, fundi wa boila, aliapa ni elfu sita,
na kila mwaka akiongeza, hadi siku anakufa.
Mama hakuhesabu watu, alitazama miguu:
"Vumbi la Ng'ambo na vumbi la Gongoni,
likishapanda kifundoni, nani atalitenga?"

Hawakuimba. Hilo ndilo lililowatisha askari.
Wimbo una mwisho, unaweza kuusubiri uishe.
Walitembea kama watu waendao kisimani,
na kweli walikuwa wanakwenda kisimani:
bomba la stesheni, lile la shaba,
chini ya kibao chenye neno moja
ambalo Mama hakujua kulisoma
ila alijua linasema: si wewe.

Wakapanga foleni. Foleni tu.
Mbele Nyanzala, mkunga, na kikombe cha bati.
Nyuma yake wapagazi, wapakia makaa,
wauza karanga, mshona magunia,
na Muha mmoja aliyeshuka treni ya jana kutoka Kigoma,
hajui hili wala lile,
akidhani maji yanagawiwa.
Kila mmoja funda moja, kisha anampisha wa nyuma.

Inspekta akatoa amri. Virungu vikapanda.
Nyanzala alivunjika mkono wa kulia,
mkono uliopokea nusu ya mji huu ukizaliwa.
Kikombe kikaviringika hadi kwenye reli, kikabonyea.
Aliyefuata akainama,
akakiokota,
akakinga.

Unaniuliza kilibadilika nini.
Kesho yake, hakuna. Kibao kilikuwepo,
mshahara uleule, watu kumi na tisa korokoroni.
Kesho kutwa, hakuna.
Wiki ya tatu, usiku,
mtu asiyetaka kuonekana alikuja na bisibisi.
Kulipokucha ukuta ulikuwa na matundu manne.
Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walipita
wakiutazama, kama ulimi unavyolipapasa
pengo la jino lililokuwa likiuma.

Lakini mimi nadhani kilibadilika mapema zaidi,
pale yule Muha, mgeni, bega linavuja damu,
alipoambiwa "Kimbia!"
akauliza, "Kwani foleni imeisha?"

Miezi miwili baadaye nikazaliwa.
Nyanzala alinipokea kwa mkono wa kushoto,
na Mama husema ndiyo maana
kalamu naishika kushoto.
Uongo mtamu kuliko asali ya Sikonge. Nimeuacha.

Juzi nilipita stesheni.
Ukuta umepakwa rangi mara nyingi, ya mwisho inabanduka.
Matundu matatu yamezibwa kwa saruji.
La nne nyigu amelifanya nyumba.
Nilisimama kidogo na begi langu,
nikamtazama akiingia na tope mdomoni,
akitoka, akiingia tena,
bila kumwomba mtu ruhusa.