Vidole vya Somoe

Mama yangu, Somoe binti Nalyoto,
alibangua korosho miaka kumi na tisa,
kirungu mkononi, jiwe mapajani,
majivu kiganjani ili mafuta yasimle.
Yakamla vilevile.
Ganda la korosho halina adabu,
linakutemea weusi wake na kunyamaza.
Ngozi ikabambuka, ikaota, ikabambuka,
mpaka vidole vikawa kokoto za mtoni:
havina mstari, havina duara.

Waliokuja Newala kusajili laini za simu
walimfuta kwa pamba, kwa spiriti,
kwa pindo la kanga yake mwenyewe.
Mashine ikasema: jaribu tena.
Mashine ikasema: jaribu tena.
Mama akaijibu: "Wewe jaribu kubangua."

Maganda yalitupwa nyuma ya ukuta wa kiwanda.
Kichuguu, kisha kilima,
kisha mlima wenye vijia vya mbuzi.
Tuliyazoa bure, ya kuchomea vyungu,
ya kufukizia mbu
(moshi ule ulifukuza mbu na wageni pamoja),
na hakuna aliyetuita wezi.

Ndipo likaja boila.
Lilipanda kona za Kitangari mgongoni mwa lori,
mwendo wa kinyonga,
watoto nyuma yake, shule imesimama.
Leo mimi ndiye mchochezi, zamu ya usiku.
Koleo langu lina mpini wa mkorosho, haki ya Mungu;
mti unajilisha wenyewe motoni.

Kwanza tunayakamua, mafuta yaende pipani,
maana ganda lenye mafuta huwaka kwa hasira
na moshi wake hukwaruza koo.
Likishakamuliwa hutulia,
likavuma kama nyuki waliofungiwa.
Maji yanakuwa mvuke, mvuke unasukuma gurudumu,
gurudumu linazunguka hadi waya unajaa.
Fundi Mchopa amenieleza mara tatu.
Bado naona ni uganga,
ila uganga wenye geji, na geji naisoma.

Alfajiri natoka nje, nimejaa masizi,
mvuke wetu unakutana na ukungu wa Shimo la Mungu
na sijui kipi ni kipi.
Huko bondeni pampu inapandisha maji.
Zahanati ina friji ya chanjo,
na mkunga hang'ati tena tochi kwa meno.

Lakini mlima wa maganda una mlinzi siku hizi.
Ana firimbi. Ana daftari. Kilo ina bei.
Bi Nachenga mfinyanzi alirudishwa na kikapu kitupu.
"Kilipokuwa hakina thamani," alisema, "kilikuwa changu.
Kimepata thamani, kimepata mwenyewe."
Sikumjibu. Nalipwa na mwenyewe huyo.

Na ikifika mwezi wa sita nakwangua sakafu.
Taa zinafifia, mitaa ya chini kwanza.
Hapo ndipo nayakumbuka malori ya msimu,
yalivyotupita mchana kweupe kwenda bandarini,
korosho ghafi, ganda na kiini pamoja.
Gunia hili, saa ya friji.
Gunia lile, mtoto wa mtu anazaliwa anaonekana.
Tunasafirisha mwanga
ungali umevaa ganda lake.

Juzi wakaja watu wa mita.
"Kidole gumba, mama."
Mashine, iliyochajiwa kwa jasho la koleo langu,
ikasema: jaribu tena.
Mita ikaandikwa jina langu.

Usiku mama alisimama mbele ya swichi
kama mtu aliyefika kwa mkwe.
Akaibonyeza kwa kidole kisicho na alama.
Chumba kikaja chote kwa mara moja:
kitanda, ndoo, kirungu cha zamani juu ya kabati.
"Hii," akasema, "haijaniuliza mimi ni nani."

Akaitazama kidogo.
Kisha akaizima.
"Mwezi wa sita hauko mbali," akasema gizani,
"punguza kuchochea."