Mji Uitwao Visima

Mama hakuniuliza habari za baridi.
Alisogeza mitungi mitatu ya manjano ukutani,
akaketi juu ya wa nne, uliokuwa mtupu pia,
akasema: haya, hebu anza na jina.

Nikasema: waitwa Wells. Yaani Visima.
Akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani.
Visima! Na watu wazima wakauandika hivyo kwenye ramani?
Basi sisi hapa Kengeleni tungeitwa Kiu.

Nikamweleza kanisa kuu:
usoni pake watu wa mawe wamesimama safu juu ya safu,
huyu hana kichwa, yule hana mikono,
na mvua ya karne nyingi imewalamba nyuso
hata humjui mtume ni yupi, mfalme ni yupi.
Akasema: kama picha ya ubatizo wako, ile iliyoliwa na unyevu.

Nikamweleza ngazi,
mawe yalivyobonyea katikati kama mwiko wa zamani,
nami nikakanyaga palepale walipokanyaga,
unyayo wangu ukakaa kana kwamba umepimwa.
Hapo akanyamaza kidogo.
Kisha: na anayezifagia ni nani?

Nilimwona mwanamke mmoja,
aproni ya buluu, ndoo ya magurudumu,
akisugua kinara cha shaba huku kwaya yetu ikijaribu sauti;
hakuinua macho hata sauti ya tatu ilipopotea njia.
Jina hukumuuliza?
Sikumuuliza.

Miaka kumi na tisa mama alisugua shaba
katika kanisa letu la kuba, kule kisiwani,
kwa ndimu na majivu,
na wageni waliingia wakitazama juu,
wakatoka wakitazama juu.

Nikadhani nitamfurahisha kwa maji.
Mama, yanabubujika kwenye bustani ya askofu,
yakishaishibisha yanashuka mjini,
yanapita ukingoni mwa barabara kuu, katika mfereji mwembamba,
mbele ya duka la viatu, mbele ya benki,
usiku na mchana, yakijisemea yenyewe,
wala hakuna hata mtu mmoja mwenye mtungi.

Hata mmoja?

Mtoto tu, akishindanisha vijiti viwili vya aiskrimu.

Akatazama bomba letu, lililokohoa mara ya mwisho Jumanne.
Nyamawi wa mkokoteni atapita saa tano, akipita;
juzi alipandisha shilingi kumi,
akasema ni gurudumu, si yeye.

Nikaendelea, kwa kuwa mjinga hajui pa kukomea:
kuna na mabatamaji, weupe, shingo kama mkono wa birika,
wamefunzwa kuvuta kamba chini ya dirisha;
kengele inalia, mtu anawatupia chakula.

Mama akasimama.
Kengele ya kwetu iko pale njia panda,
kila siku twataja jina lake bila kuitazama.
Nyanya ya nyanya yake, aliyepakuliwa melini
akapewa shuka moja na jina la kwenye Biblia,
alifunzwa kuisikiliza:
ikilia polepole, njoo usali;
ikilia bila kukoma, beba mtoto, kimbia, wanakuja.

Ndege wa huko huvuta wapate kula, akasema.
Hakusema kwa uchungu.
Alisema kama mtu anayelinganisha bei za sokoni.

Ndipo nikatoa zawadi begini: chupa ndogo,
maji ya mfereji ule, nimeyaviringisha kwa soksi
kutoka Visima hadi Mombasa.
Akaifungua. Akanusa. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha,
kama atafutaye kitu alichoahidiwa.
Haya nayo ni maji tu, akasema,
akasuuzia vikombe viwili, akavipindua kwenye sinia.

Ukirudi huko, muulize jina.

Na chai, mama?

Chai isubiri mkokoteni.