Tarakimu Ishirini

Uniti ziliisha saa mbili na robo usiku, Tabata Segerea.
Tokeni ninayo kwenye simu, tarakimu ishirini,
na kidole changu hakijawahi kuvuka ya kumi na mbili
bila kichwa kutoka nje kwenda kuangalia kitu.
Mara jirani kakohoa. Mara nakumbuka jina la mbwa wa shangazi.
Narudi: nilikuwa kwenye saba hii, au ile saba nyingine?
Mita inalia. Naanza upya.
Miaka thelathini na minne naanza upya.

Bandarini kontena la mteja lilikaa siku kumi na moja
kwa karatasi moja iliyokuwa kwenye pochi yangu,
chini ya maganda ya karanga.
Bosi Lyatuu hakufoka. Aliniangalia tu,
kama mtu anayeangalia bomba linalovuja
akijua fundi ni ghali.

Fundi ni ghali kweli.
Upanga, ghorofa ya tatu, lifti yenye kioo,
laki moja na nusu kabla daktari hajafungua kinywa.
Bima ilikataa kwa ujumbe mfupi: Ndugu Mteja.
Niliuza cherehani. Nikaomba zamu ya kwanza ya upatu,
nikawaambia wenzangu ni ada ya mtoto.
Haikuwa uongo wote. Mtoto alikuwa mimi, darasa la nne,
ripoti mkononi: *Uwezo anao, ila hajitumi.*

Ripoti hiyo mama aliitunza kwenye bahasha ya kaki.
Daktari Kokuberwa aliisoma mara mbili, akavua miwani.
"Ulikuwa unajituma," alisema.
"Ulikuwa unajituma kuliko darasa zima."
Nililia mpaka tishu za watu zikaisha.

Kumi na nane:
siku ya tatu nikasikia friji.
Kumbe friji ina sauti! Miaka yote ilikuwa ikiongea peke yake
huku kichwani mwangu redio sita zikigombea mawimbi.
Ila ikifika saa sita mchana redio zinarudi, moja moja,
kama wapangaji waliotoka dukani mara moja.

Mama kwenye simu: "Dawa ya nini? Kichwa chako ni cha kutembea tu.
Hata babu yako alikuwa akisahau viatu msikitini."
Babu. Maskini babu.
Alirudi peku mara ngapi, wakimcheka?

Thelathini na sita:
moyo ulikimbia ngazi ambazo sikuzipanda.
Nilipanga vifuniko vya makopo kwa ukubwa, saa nne nzima;
wali wa nazi ukapoa mezani, ladha yake karatasi.
Mwinjuma alinitania, sikucheka.
Akasema polepole, "Mke wangu, umekuwa kama risiti.
Kila kitu sahihi, na hakuna mtu."
Nikaandika kwenye daftari la daktari:
usingizi, mbovu. Presha, juu. Kula, kidogo. Kucheka, hakuna.

Mfamasia ana kabati la kufuli na kitabu cha mistari myekundu.
Hunitazama kama nimekuja kuiba
kichwa changu mwenyewe.

Ishirini na saba.
Jumapili, wiki ya pili, uniti zikaisha tena.
Nikabonyeza. Jirani akakohoa;
nilimsikia, nikamwacha akohoe.
Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu, mtaa mgeni huu,
sijawahi kufika. Ya kumi na saba.
Ya ishirini.
Feni ikazunguka, friji ikaanza maneno yake.
Nikakaa sakafuni, simu mapajani.

Jioni dawa hushuka, na mimi hurudi nilivyo.
Leo funguo nimezikuta kwenye ndoo ya unga.
Kesho nina kontena mbili, na laki na nusu nyingine ya kutafuta,
na wenzangu wa upatu wanauliza mtoto yuko darasa la ngapi.
Mwinjuma kaona unga kwenye funguo, akaangua kicheko, nami nikaangua.
Kwenye daftari, mstari wa kucheka uko wazi.
Nilikuwa nacheka,
nikasahau kuandika.