Mwalimu Kesho

Naitwa Manana. Hapa Kutaisi jina hili halimshtui mtu:
liite sokoni, watageuka wanawake watatu,
kila mmoja na kikapu chake.
Lakini Jumanne ile ya kwanza, saa kumi na mbili jioni,
nilipolitamka mbele ya skrini,
vijana kumi na wanne wa Temuco, kule Chile, waliangua kicheko,
kicheko kilichofika kwa awamu, kama mshahara wa mwalimu.

Mwenzangu wa upande wa pili, Ofelia Painemal, akaniomba radhi.
Kwa Kihispania, akasema, manyana ni kesho.
Tena ni asubuhi.
Na kwao, kweli, ilikuwa saa tano asubuhi,
jua limemkaa begani kama mtoto asiyetaka kushuka,
ilhali nyuma yangu dirisha lilikwisha kuwa jeusi.

Mkataba walitia saini wakuu wa vitivo.
Wakapiga picha, bendera mbili ndogo mezani,
kisha wakatuachia sisi: wiki kumi, mito miwili,
jedwali moja ambalo kila mkono ungeweza kuliandika.
Rioni kwetu. Cautín kwao.
Pimeni maji, linganisheni, leteni ripoti ya pamoja.
Nauli haikutajwa. Viza haikutajwa.

Penye wengi, husemwa, hapaharibiki neno.
Waliosema hawakuwahi kufundisha kwa mtandao huu.
Neno liliharibika kila dakika ya tatu:
“fosfa,” kimya, midomo inacheza, “ti.”
Eliseo Huaiquil alihudhuria akiwa juu ya tangi la maji la shangazi yake,
maana ndiko mawimbi yanakoshika.
Mvua ikinyesha tuliona mwavuli tu,
na swali likitoka chini yake.

Wiki ya nne namba zikakataa kupatana.
Rioni, mto nilimoogelea nikiwa msichana,
jedwalini ulikuwa mchafu kuliko mtaro.
Tsira, aliyeyachota maji yale, akazima kamera.
Nami nilikwisha kuandaa maelezo: kiwanda, mbolea, halmashauri.
Mwalimu hakosi wa kumlaumu.

Ndipo Eliseo, kwa Kiingereza cha kuokoteza kama chetu,
akauliza:
Chupa uliiosha kwa kitu gani?

Kimya. Na hiki hakikuwa cha mtandao.

Kwa sabuni, akasema Tsira.

Eliseo akainua chupa yake mwenyewe, kizibo kimefungwa kwa uzi.
Hata mimi, akasema. Wiki ya pili.
Sikumwambia mtu.

Sijui kama fomu ya tathmini ina nafasi ya kuandika jambo hili.
Nilitafuta. Kuna “idadi ya washiriki.”
Kuna “changamoto,” mistari miwili.

Usiku ule nililifungua jedwali kutafuta kitu kingine
nikawakuta bado wamo: vialama viwili,
cha kijani na cha machungwa,
vikishuka kisanduku kwa kisanduku, vikifuta.
Wiki tatu za kazi. Hakuna aliyewaamuru.
Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo tujuavyo;
wale wawili waliyamwaga kwa hiari,
wakashuka tena mtoni, kila mtu na wake,
wakasuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale ya kupimwa.

Kipindi cha mwisho kwetu kulikuwa na theluji,
kwao watu wamevua viatu.
Eliseo aliteremka hadi Cautín akaiweka simu juu ya jiwe,
ili tuusikie tu.
Tsira akasogeza sikio hadi likagusa spika.
Unafanana na wetu, akasema mmoja nyuma.
Hapana, akasema Tsira, bila kufungua macho,
wetu una mawe makubwa zaidi.

Wakaagana kwa mazoea yao: mpaka manyana,
ingawa kesho yake hakukuwa na kipindi,
wala wiki iliyofuata.
Nami, kama niliyeitwa sokoni,
nikageuka.