Tezi ya Kumi na Tisa

Kilikuja saa nane mchana, ndani ya ndoo nyeupe,
kikielea kwenye fomalini:
kibofu cha Bogumił Wrzosek, miaka sitini na saba,
mtia rangi nyuzi, mstaafu.
Karatasi haikusema zaidi.
Lakini Łódź ni mji wa viwanda, nami ni binti wa mfumaji;
najua rangi zile zilivyoingia kwa mikono
zikatokea kwa mkojo
baada ya miaka thelathini, bila kubisha hodi.

Mpasuaji kamaliza yake.
Yangu ni mafuta aliyoyakwangua kando ya mishipa,
mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto.
Humo mna tezi. Hazionekani.
Hushikwa kwa ncha za vidole,
kama mtu achambuaye dengu gizani
akisaka vijiwe.

Moja. Mbili. Hii si tezi, ni kipande cha mshipa.
Tatu, kama haragwe, laini, haina hatia.
Kufikia saa kumi nilikuwa na kumi na moja.

Watu hudhani utabiri hukaa kwa daktari,
kwamba hufunua kitabu akasoma: wewe miwili, wewe kumi.
Hajui ambalo kidole changu hakikumwambia.
Nikipata tezi tatu, zote safi, nikaenda zangu,
karatasi itaandika "hakuna",
na hiyo "hakuna" ni ya nani?
Ya ugonjwa, au ya uvivu wangu?

"Kumi na nane zatosha, Jagna," alisema Daktari Radomiła
akifunga kabati. "Tramu haikungoji."
Kweli zilitosha. Nje theluji ilikuwa na masizi.
Nilikwisha vua glavu moja.

Sijui kwa nini nilirudisha mkono.
Sitasema moyo uliniambia;
moyo hauniambii kitu kazini.
Labda ukaidi tu.
Kwenye kona ya mfuko wa kushoto,
pale nilipopita mara mbili,
palikuwa na punje. Ngumu.
Ndogo kuliko pilipili manga.

Siku tatu baadaye, chini ya hadubini,
kumi na nane zilikuwa safi kama mashuka ya Pasaka.
Ya kumi na tisa ilikuwa imejaa.

Ukutani kwa Radomiła pana mchoro wa waliopasuliwa kabla:
mistari miwili inayoshuka kama ngazi za ghala,
na kila kidato ni mtu ambaye siku hiyo hakuamka.
Wa juu hushuka polepole. Wa chini una haraka.
Mimi ndiye niliyemtoa Bogumił juu nikamweka chini,
kwa punje moja.

Ndivyo nilivyojiambia kwenye tramu
hadi kituo cha tatu. Kisha nikakumbuka
punje haikungoja kidole changu ili iwepo.
Alikuwa keshasimama kwenye ngazi ile, gizani;
sasa walau amewashiwa taa,
na dawa inaanza Jumatatu.

Au haitamfaa. Mistari haina majina.
Inajua kusema mia,
haijui kusema mmoja.

Nyumbani nilikanda unga wa mkate.
Vidole vikasimama vyenyewe juu ya kitu kigumu:
chumvi tu, haijayeyuka.
Nikaiponda.
Kisha nikalipapasa donge lote tena,
kuanzia mwanzo, nikihesabu.