Waya wa Guliko

Kutaisi, ghorofa ya chini ya chuo cha tiba,
Guliko anaunga watu upya.
Mifupa humfikia katika kreti za zabibu,
imechemshwa, imekauka, myeupe kama chaki,
na kila mmoja umemsahau jirani yake.

"Mfupa haufi upesi," husema, waya mdomoni.
"Hufa kwanza pale walipokutana."
Gegedu lile laini, kano, na ute
mzito mithili ya ute wa yai,
vyote huondoka bila kuaga.

Basi anatoboa, anapitisha waya.
Kiwiko ni bawaba: fungua, funga,
usikiombe zaidi.
Bega ni tufe juu ya kisahani,
limenunua uhuru kwa bei ya kuteguka.
Nyonga imezama ndani, haina papara.
Shingoni, pingili ya pili imeota jino,
ya kwanza inalizunguka;
hapo ndipo tunapotikisia hapana.

Fuvu halimpi kazi. Limejishona lenyewe,
mshono wa kombokombo usiolegea.
"Nacho ni kiungo," anasema.
Levan anabisha: kiungo gani kisichosogea?
"Ndoa yangu," anajibu,
akacheka mpaka koleo likamponyoka.

Akaliokota taratibu.
Kwenye shina la kidole gumba mifupa miwili hukaliana
kama mpanda farasi na tandiko lake,
na hapo ndipo panapomuuma,
miaka thelathini na mmoja ya kukaza waya.

Jumapili alitualika kwake.
Zaur, mumewe, alikuwa mchezaji wa jukwaani:
alisimama juu ya vidole vilivyokunjwa,
akaruka, akatua kwa magoti juu ya mbao,
watu wakapiga makofi, akatua tena.
Sasa picha ya hospitali iko juu ya friji.
Ule mstari mweusi kati ya mfupa na mfupa
hauonekani.
Sikujua kwamba afya yaweza kuwa pengo.

Guliko alikuwa akitwanga jozi, uwatu, giligilani.
Nikamwambia: kwetu hivi navyo huitwa viungo.
Akaacha kutwanga.
Akanitaka nilitamke tena lile neno.

Kisha Zaur akashika glasi ili awanywee wafu,
na wafu hawanywewi mtu akiwa ameketi.
Magoti yakalia, changarawe chini ya kiatu.
Guliko, akizungumza na Levan habari za mvua,
hakugeuka hata kidogo;
mkono wake tu ulitoka,
ukakikuta kiwiko cha mumewe
pale pale kilipokuwa.